Natafuta posdoki ya leza na kwantamu nikiwa Malindi: rivyu ya walionifaa na walionila pesa

Haya, kwa vile haipiti wiki bila mtu kuniuliza "kaka, hizi mambo za posdoki zaendaje", nimeamua niandike mara moja nipumzike. Nitatoa nyota kama watu wanavyotoa kwa hoteli, tano ni tamu, moja ni hasara, na sisemi kwa kuhadithiwa, nimekua kastoma wa hizi huduma miaka miwili na kitu, nimelipa, nimekesha, nimekataliwa, nimecheka peke yangu usiku kama mwehu.

Mimi mtoto wa Shela hapa Malindi (sio Shela ya Lamu, manake watu wa Lamu wakisoma hapa wataanza). PhD ya fizikia nilimaliza 2023, kazi yenyewe ilikua seli za jua za perovskaiti (aina ya fuwele za kutengenezwa maabarani), yaani wachukua kipande cha kioo wakipaka tabaka jembamba kuliko unywele mara mia na zaidi, alafu waona kama litakupa stima likipigwa na jua. Baada ya cheti nikarudi nyumbani kwa saabu kazi hakuna, nikashikwa na shule moja kama mwalimu wa BOM (anaeajiriwa na bodi ya shule, sio serikali), nafundisha fomu tatu kupinda kwa mwanga kwa glasi ya maji na penseli. Posdoki kwa asiyejua ni kazi ya mkataba baada ya PhD, mwaka mmoja mpaka mitatu hivi, wafanya utafiti kwenye maabara ya mtu lakini wewe si mwanafunzi tena, walipwa. Mamangu nilipomwambia mara ya kwanza alidhani nimepata kazi posta. Nikamwambia hapana mama, posdoki. Akasema "haya, na hio posta ya madokta iko wapi?" na mpaka leo nyumbani ndo jina lake, posta ya madokta.

Naanza na huduma mbovu ili nitoe nyongo kwanza.

Kuna ofisi moja, siitaji jina, inajiita ya ushauri wa masomo na kazi za ng'ambo. Waliniambia posdoki ya uhakika Ujerumani, elfu ishirini na tano, nusu mbele nusu baadae. Mimi na akili zangu na PhD yangu nikalipa nusu ya kwanza. Unajua mtu akishakaa nyumbani miezi minane na jirani anamuuliza "dokta, vipi, bado?" akili hua inapungua. Baada ya wiki mbili wakanitumia orodha ya nafasi kumi na mbili, nikazifungua moja moja, zote zimetolewa kwenye tovuti za bure ambazo hata mwanangu wa fomu tatu angezipata, na tano zilikua zishafungwa. Hilo nikavumilia. Alafu wakaniandikia barua ya maombi ya kupeleka kwa maabara ya optiki ya kwantamu, yaani sayansi ya mwanga na chembe ndogo mno, imeandikwa vizuri, Kizungu kimenyooka, nafika aya ya pili nakuta "tangu utotoni nimekua na hamu kubwa ya kuboresha ufugaji wa tilapia kwenye mabwawa". Wallahi. Tilapia. Walikua wamebadilisha jina la kastoma aliepita wakasahau samaki wake. Nikawapigia, yule dada akaniambia "pole dokta, tutatoa hio sentensi", kama vile shida ni sentensi moja. Nusu ya pili sikulipa, na ile ya kwanza walinirudishia elfu tano baada ya mimi kwenda kukaa pale ofisini siku nzima na gazeti. Nyota: hata moja ni sadaka. Na chukua hili, hakuna mpango wa posdoki wa maana unaotozwa pesa kuomba. Ukiona mtu akuuzia nafasi, yeye ndie mwenye posdoki, wewe ndo mfuko wa utafiti.

Sasa kuhusu fani zenyewe, manake wengine mwadhani optiki, kwantamu na materiali (sayansi ya vitu vya kutengenezea vifaa) ni vitu vitatu tofauti kama soko la samaki, soko la mboga na soko la nguo. Matangazo mengi huja pamoja kwa saabu maabara ni zile zile na vifaa ni vile vile, leza, chemba ya vakyumu (iliyotolewa hewa), vioo, na mtu mvumilivu. Mimi nilipoanza nilikua naruka kila tangazo lenye neno kwantamu, nasema hio si yangu, mimi mtu wa seli za jua. Nimepoteza karibu mwaka kwa ujinga huo. Kumbe perovskaiti ile ile ukiitengeneza vipunje vidogo vya nanomita kadhaa inakua nukta za kwantamu, inatoa mwanga chembe moja moja, na watu wa mawasiliano ya kwantamu wanatafuta mtu anaejua kuipika, wao leza wanazijua ila upishi hawajui. Nukta za kwantamu zenyewe ndo zilizopata Nobel ya kemia 2023, Bawendi, Brus na Ekimov, na mwaka mmoja kabla yake fizikia ilikua ya kina Aspect, Clauser na Zeilinger kwa fotoni (chembe za mwanga) zilizofungamana. Umoja wa Mataifa wakaufanya 2025 mwaka wa kimataifa wa sayansi na teknolojia ya kwantamu, na mwezi wa kumi mwaka huo huo Nobel ya fizikia ikaenda tena kwa watu wa kwantamu, Clarke, Devoret na Martinis. Maana yake kwa sisi watafutaji ni moja tu, pesa zimemwagwa huko, kwa hivyo usisome kichwa cha tangazo ukakimbia, soma wanataka mtu anaejua kutumia kifaa gani.

Pa kutafutia: mimi nilitumia zaidi Euraxess, ni tovuti ya Ulaya ya kazi za watafiti, bure kabisa, watia fani yako na hatua yako wapata listi. Nyota nne. Ile ya tano nimeibakisha kwa saabu listi ni listi, haikuajiri. Pia nenda moja kwa moja kwenye kurasa za taasisi zenyewe, kama ICFO kule Castelldefels karibu na Barcelona ambao kazi yao ni mwanga tu asubuhi mpaka jioni, au Max Planck ya optiki ya kwantamu kule Garching, au kile kituo cha teknolojia za kwantamu cha Singapore. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, ni kweli, lakini huu upwa wetu una tovuti arobaini na bando inaisha.

Hapo sasa ndo niwaambie kitu kilichonibadilishia mambo, na hakikua tovuti.

Nilituma imeili kwa maprofesa, mwaka wa kwanza nilihesabu sitini na tatu. Walionijibu wanne, watatu "asante, hatuna nafasi". Nilikua natuma imeili ile ile kwa wote, "Mheshimiwa Profesa, mimi ni mtafiti mwenye bidii kutoka Kenya", nabadilisha jina tu, yaani nilikua nafanya kosa lile lile la tilapia ila mimi najifanyia bure. Alafu siku moja likizo ya Agosti niko juu ya dari nyumbani, mama kaanika papa wake, na mimi pembeni nimeanika vipande vyangu vya kioo nilivyorudi navyo kutoka maabara. Nilivizibia ndani ya vioo viwili na gundi pembeni, manake ndani mna risasi, ile metali sio ya bunduki, na risasi ni sumu, sio kitu cha kuacha karibu na kitoweo. Nilitaka kuona vitaishi siku ngapi na unyevu wa bahari. Perovskaiti ikiwa nzima ni nyeusi, maji yakiingia inavunjika inabaki iodidi ya risasi ambayo ni njano kama manjano ya pilau. Nyumbani kwetu ni hatua chache kutoka baharini, ule upepo wa chumvi unakula mpaka bawaba za milango. Vilivyozibwa kwa gundi ya kawaida viligeuka njano siku ya pili kuanzia kwenye pembe, vile vilivyozibwa kwa gundi nyengine vikafika wiki tatu. Nikapiga picha kila siku saa moja asubuhi kwa simu, na rula pembeni.

Nilikua nimesoma makala ya kikundi kimoja Ujerumani kuhusu hio hio kuvunjika kwa unyevu, wao wanatumia kabati la maabara lenye joto na mvuke wa kupimwa. Nikamuandikia yule profesa imeili fupi, mistari kumi na miwili, sikumwambia nina bidii wala nini, nikamuuliza kwanini kwenye grafu yao ya tatu uharibifu waanza katikati wakati kwangu mimi waanza pembeni kila mara, nikaambatisha picha nane za dari ya mama, moja papa anaonekana kwa nyuma. Alijibu baada ya siku mbili. Swali lake la kwanza lilikua kuhusu gundi. La pili, yule ni samaki gani.

Mwenyeji kwanza, yaani profesa atakaekupokea maabarani kwake, fomu baadae. Ukiniuliza miaka miwili nimejifunza nini ndo hicho, na hio huduma ya kumpata mwenyeji hakuna anaekuuzia, wala hapa Malindi wala Nairobi. Karibu mipango yote nitakayoitaja hapa chini inataka barua au fomu ya mwenyeji, bila yeye hata kwenye mlango hufiki.

Marie Skłodowska-Curie, mimi naiita Mari Kiri, mpango wa posdoki wa Umoja wa Ulaya. Niliomba raundi ya 2024, dedilaini ilikua 11 Septemba saa kumi na moja jioni ya Brussels, ambayo kwetu ni saa kumi na mbili, yaani karibu na adhana ya Magharibi, na hapo stima ikapotea saa kumi kamili mtaa mzima. Nitarudi kwa hio stima. Mpango wenyewe unakubali watu wa nchi yoyote, uwe na PhD tayari na usiwe umepita miaka 8 ya utafiti baada yake, na hio nchi unayoenda usiwe umekaa humo zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 ya mwisho. Sisi tuliokaa Malindi hilo sharti tumelipita tukiwa tumelala. Andiko lenyewe kurasa kumi, na kurasa kumi za Mari Kiri sio kurasa kumi za kawaida, kila mstari una anaeuhesabu, nusu ya alama ni ubora wa utafiti, asilimia 30 ni manufaa yake na 20 ni mpango wa kazi. Mimi nilipata 81 na kitu. Nilifurahi mpaka nilipojua kwamba wanaochukuliwa wengi wako tisini huko. Mwaka huo waliomba zaidi ya watu 10,000 wakapata karibu 1,700, na raundi ya 2025 walioomba wakapita 17,000, kwa hivyo mkataliwe bila kujilaumu. Lakini nasema kweli, yale maoni waliyonitumia yalikua ya haki, wametaja udhaifu ambao mimi mwenyewe niliujua nikajifanya sijauona. Kwamba mtu hakupi kazi alafu bado wamshukuru, hio ni huduma.

Pesa yake sasa, manake hapo ndo watu huchanganyikiwa. Raundi hio niliyoomba posho ya kuishi ilikua euro 5,080 kwa mwezi na 600 ya kuhama, na 660 kama una familia. Msizidishe kwa shilingi mkaanza kuchagua kiwanja Watamu. Ile 5,080 inapandishwa au kushushwa kulingana na ughali wa nchi, alafu inakatwa michango ya mwajiri na yako na kodi, inayokufikia mfukoni ni kitu chengine kabisa. Ami yangu alisikia hesabu ya kwanza tu, ile ya pili hakuisubiri, akaniambia sasa ile boti yake itapata injini mpya. Nyota nne na nusu. Nusu nimeitoa kwa ajili ya ami.

Humboldt, ya Ujerumani. Hii ndo kipenzi changu na sitaficha. Hakuna dedilaini, waomba siku yoyote, kamati yao inakaa mara tatu kwa mwaka. Hakuna kiwango kwamba Kenya ni watu wangapi au fizikia ni wangapi. Kwa sisi wachanga sharti ni usizidishe miaka 4 baada ya PhD, na muda wa kukaa ni miezi 6 mpaka 24. Sikilizeni vizuri hio ya miaka 4, saa inahesabu toka siku ya udaktari wako, hata kama hio miaka uliipitisha unafundisha BOM na kuanika papa. Mari Kiri ni 8, Humboldt 4, kwa hivyo ukitaka zote anza na Humboldt, mimi nilianza kinyume. Tofauti nyengine ni kwamba Mari Kiri ni mkataba wa kazi na Humboldt ni stipendi, yaani posho, sio mshahara. Wanalipia pia kozi ya Kijerumani, ambayo kwa mtu wa Malindi ni mzaha kidogo, hapa tumezoea Kitaliano, hata muuza madafu anakwambia "ciao bello", Kijerumani kwetu ni watalii wawili watatu wa Watamu. Wanachotaka kwenye fomu: makala zako, andiko la utafiti, barua ya mwenyeji, barua za marefarii (maprofesa wanaokujua wakakusemea). Hizi za marefarii ziombeni mapema jamani, profesa wako wa Nairobi sio kwamba hakupendi, ana wanafunzi sitini. Nyota tano.

Japani, JSPS, shirika lao la kukuza sayansi. Hii watu wa kwetu hawaijui wakati wana ofisi hapo Nairobi miaka na miaka. Ni miezi 12 mpaka 24, PhD isizidi miaka 6, yeni 362,000 kwa mwezi na tiketi ya ndege. Ila anaeomba sio wewe, ni mwenyeji wako kule kupitia chuo chake, wewe wampa vitu vyake tu. Na perovskaiti za seli za jua zimeanzia kwao, kikundi cha Miyasaka 2009, wakati huo zilikua zinageuza asilimia 3.8 tu ya mwanga wa jua kuwa stima na sasa zimepita 26. Nyota nne, ile moja ni woga wangu wa tetemeko, sio kosa lao.

Trieste. ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia kule Italia, sio posdoki hasa hasa (zipo, chache), lakini kwa mtu wa Afrika ni mlango wa kuingilia chumba cha wageni. Ilianzishwa 1964 na Abdus Salam, yule Mpakistani wa Nobel ya 1979, makusudi kwa ajili ya wanasayansi wa nchi zetu. Kila Februari wana kozi ya optiki ya msimu wa baridi, kiingilio hakuna na watu wa nchi zetu waweza kusaidiwa nauli. Nilienda. Kuna upepo kule waitwa bora, ukivuma watembea umeshika ukuta, nilidhani kaskazi yetu ni upepo kumbe kaskazi ni feni. Kitaliano changu cha ufuoni kilinisaidia sana, mhudumu wa kantini alidhani mimi nimeishi Milano. Na pale ndo niliona watu wanaofanya kazi za leza kwa vifaa vya bei nafuu, nikaacha kuona haya na dari ya mama. Nyota tano na kahawa.

Afrika Kusini nawapitisha haraka kwa saabu mimi sikuomba, rafiki yangu ndo yuko huko. Chuo cha Wits kule Johannesburg kuna maabara ya Andrew Forbes ya mwanga wenye umbo, majina makubwa duniani kwa hio kazi, na kule Pretoria kuna African Laser Centre toka 2003 ambayo huunganisha maabara za leza za bara letu. Tangu Januari 2023 Mkenya anaingia bila viza kwa siku 90, lakini hio ni ya kutembea, ya kazi ni karatasi nyengine usije ukajidanganya ukafika uwanja wa ndege na andiko la utafiti. Sina nyota za kutoa, ila yeye anasema anakula vizuri.

Niseme na hili japo limetoka nje kidogo. Kila nikikataliwa mahali nilikua nachukua pikipiki ya binamu yangu naenda Ngomeni, kule San Marco. Mwajua ile mitambo ya Wataliano inayosimama baharini. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, pale pale palirushwa satelaiti ya kwanza duniani maalum ya kuangalia eksirei za nyota, na kwa saabu ya siku hio ikaitwa Uhuru. Orodha ya mwisho iliyotoka kwa kazi yake ina vyanzo 339 vya eksirei, na Riccardo Giacconi alieongoza kazi hio akaja kupata Nobel 2002. Kuna mzee mmoja pale hukaa chini ya mkungu, alikua kibarua wa boti siku hizo. Nilimwambia baba mimi nimesomea mambo ya mwanga natafuta kazi Ulaya. Akanitazama juu mpaka chini akaniuliza, "Kwani hawa waliokuja hapa hawakuona mwanga kwao?" Nikakosa la kusema, na barabarani kurudi napita mashamba ya chumvi ya Gongoni nikakumbuka kwamba maabarani ile chumvi, ikiwa safi na imekatwa kama kioo, ndo dirisha la kupimia mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa macho, kwa saabu glasi ya kawaida huuzuia na chumvi huupitisha. Tunaisafirisha kwa lori tunaenda kuiona maabara za watu kwenye kisanduku cha hariri.

Kuna maabara moja nchi fulani walinifanyia intavyu kwa Zoom, saa nzima, wakanipa mpaka kazi ya kuandika kurasa nne za mawazo ya utafiti, nikaandika, wakasema tutakujibu Ijumaa. Ijumaa zimepita kama hamsini. Siwataji. Ila mjue, mawazo yenu msiyamwage yote kabla ya mkataba, toeni harufu ya pilau, sufuria baki nalo.

Mwisho, huduma bora kuliko zote na ndo sababu hasa ya kuandika rivyu hii: saiba (duka la kompyuta na intaneti) ya mtaani kwetu, njia ya soko la zamani, ghorofa ya chini, mlango wa kijani, haina hata kibao. Ile siku ya Mari Kiri stima ilipopotea saa kumi, nilikua bado sijapandisha faili la pili, laptopu yangu betri iliaga dunia zamani, inaishi kwa waya. Nikakimbia na flashi mkononi, kanzu nimepandisha, watu wa tuktuk wanapiga kelele "dokta vipi, mwizi?" Kijana wa saiba kumbe ana betri mbili za lori na bodi moja ya sola juu ya paa, kompyuta mbili zinafanya kazi na mstari wa watu wa KRA (mambo ya kodi) na watoto wa kuomba vyuo. Nikamwambia ndugu yangu nina saa mbili maisha yangu yote. Akawaambia wale wengine, "jamani, mpisheni ami, ana mtihani wa Wazungu." Wakanipisha. Faili likakataa mara ya kwanza kwa saabu PDF ilikua kubwa mno, zile picha zangu za dari, yeye akaipunguza kwa programu yake mwenyewe dakika tatu, mimi na PhD nikiwa nimesimama nyuma yake nafuta jasho. Ikaingia saa kumi na moja na nusu na kitu. Alinitoza shilingi sitini.

Na yule yule ndie alienisaidia kuskani vyeti vyote vya Humboldt mwezi uliopita, akanionyesha kwamba jina langu kwenye pasi na kwenye cheti zina herufi tofauti, Mohamed moja na Mohammed nyengine, kitu ambacho ile ofisi ya elfu ishirini na tano haikuona. Fomu ishaenda, mwenyeji ni yule yule wa gundi, kamati bado. Mama ananiuliza kila Ijumaa kama posta imejibu.

Saiba: kuprinti bob kumi, kuskani ishirini, kupunguza PDF bure ukimuuliza kwa adabu. Nyota tano. Wanafunga Ijumaa kuanzia saa sita mpaka saa nane kwa swala, kwa hivyo dedilaini yako ikiangukia hapo, nenda Alhamisi.